SOMO LA AFYA NYUMBANI: Maji ya Chumvi kwa Pua Iliyoziba



Mwezi wa Juni na Julai, asubuhi zinapokuwa na baridi hapa kwetu Morotonga na vumbi limeanza kutimka barabarani, mafua hubisha hodi karibu kila nyumba. Mtu mzima hupenga kamasi akaendelea na kazi zake. Lakini kwa mtoto mchanga sivyo. Yeye hupumua hasa kwa pua. Ikiziba, hushika titi, huliachia, hulia, na nyumba nzima hailali. Mama hudhani mtoto amekataa ziwa, kumbe ni kamasi. Basi leo tujifunze msaada ambao karibu kila jiko linao: maji yaliyochemshwa na chumvi.

Kazi ya maji ya chumvi

Ndani ya pua mna utelezi unaonasa vumbi na vijidudu. Tukipata mafua, utelezi huo huwa mwingi na mzito, na nyama za ndani huvimba. Maji ya chumvi hulainisha kamasi na kuliosha. Maji matupu huwasha puani, kwa sababu mwili una chumvi yake. Tukionja machozi tunaijua. Yakitiwa chumvi kiasi cha gramu 9 kwa lita 1, hayawashi.

Jambo hili si geni. Jirani zetu Waislamu hupandisha maji puani wanapotawadha, na huko India watu wameosha pua kwa birika dogo tangu zamani. Hata hivyo tujue mpaka wake. Maji haya hayaui virusi vya mafua; yanapunguza taabu mpaka mwili ushinde wenyewe. Wala antibayotiki haziui virusi hivyo. Kuzinunua kwa mafua ya kawaida ni kupoteza fedha.

Maji lazima yachemke

Hapa ndipo penye hatari, nasi twaomba kila msomaji asome mara mbili. Mwaka 2011, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, watu wawili walikufa baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Maji yale yalikuwa na amiba iitwayo Naegleria fowleri. Ikimezwa haileti ugonjwa huo, lakini ikipanda puani huweza kufika kwenye ubongo. Ugonjwa huu ni wa nadra sana, ila karibu kila aupataye hufa.

Kwa hiyo maji ya Mto Mara, ya bwawa la Manchira, ya lambo, ya kisima au ya bomba, yote yachemshwe kwanza. Yakishatokota, yaache yaendelee kwa dakika 3. Na lipo kosa ambalo wengi tunaweza kulifanya kwa haraka: kuchemsha vizuri, kisha kupoza kwa kuongeza maji mabichi. Hapo tumerudisha vijidudu vyote. Yafunike, yapoe yenyewe.

Namna ya kufanya

1. Nawa mikono kwa sabuni. Chemsha pia chombo utakachotumia.

2. Pima maji yaliyochemshwa kwa chupa safi ya soda, ya mililita 300 au 350. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa. Koroga mpaka iyeyuke. Magadi yasitumike.

3. Mtu mzima au mtoto mkubwa ainame juu ya beseni, alaze kichwa upande, apumue kwa mdomo. Amimine polepole katika tundu la juu, kwa birika dogo au bomba la sindano lililotolewa sindano yake. Maji yatatokea tundu la pili. Kisha abadili upande, na apenge taratibu bila kubana matundu yote mawili.

4. Mtoto mchanga asimiminiwe kamwe. Mdondoshee tone 1 au 2 kila tundu, ngoja kidogo, kisha futa mlangoni mwa pua kwa kitambaa laini na safi. Fanya hivyo kabla ya kumnyonyesha. Dawa za kupaka zenye mentholi au kafuri zisitiwe puani mwake.

5. Maji yanayobaki mpaka kesho yamwagwe, yachemshwe mengine.

Wakati wa kwenda zahanati

Mafua huweza kuficha homa ya mapafu. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Kwa mwenye umri chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa wa miezi 2 hadi 12, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Ukiona hivyo, au kifua kikibonyea anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya hata baada ya pua kusafishwa, usingoje kupambazuke.

Mtoto akitoa uchafu wenye harufu mbaya upande mmoja tu wa pua, huenda ametia punje ya mahindi au haragwe. Usimwoshe, mpeleke. Na mtu mzima ambaye pua imeziba zaidi ya siku 10, au ana maumivu makali ya uso pamoja na homa, naye akaonwe.

Maswali ya kuzungumzia

(a) Kwa nini maji yanayofaa kunywewa huenda yasifae kutiwa puani?

(b) Nyumbani kwetu, nani huchemsha maji, na huyapoza vipi?

(c) Nani miongoni mwetu ana saa ya kuhesabia pumzi za mtoto usiku? Asiye nayo, simu ya jirani yatosha. Tujulishane mapema, kabla mtoto hajaugua.