Mtoto Asiyesema Katika Mafundisho



Katika darasa la Komunyo ya Kwanza huenda yupo mtoto ambaye nyumbani huimba na kuwatania wadogo zake, lakini mbele yako hatoi neno. Tukimwita mkaidi tunakosea. Mwaka 1934 daktari wa Uswisi, Moritz Tramer, aliiita hali hii ububu wa hiari. Mwaka 1994 madaktari wa akili wa Marekani waliliacha jina hilo, kwa maana mtoto hachagui kunyamaza; hofu ndiyo inayomfunga.

Hapa Tabora tuwe waangalifu. Mtoto aliyelelewa kwa Kinyamwezi anaweza kunyamaza kwa muda akijifunza Kiswahili, na hilo ni la kawaida. Lakini ikiwa lugha anaijua, nyumbani anasema vizuri, na kimya kinaendelea zaidi ya mwezi baada ya kuzoea darasa, apelekwe hospitali. Masikio nayo yapimwe.

Sisi tufanye nini? Wapagazi wa Kinyamwezi hawakutoka Bagamoyo wakafika Ujiji kwa siku moja. Walikwenda kambi kwa kambi. Nasi twende hivyo.

Kwanza, mama au dada yake aje naye kabla ya wenzake, waongee na kucheza. Katekista akae mbali, kisha asogee kidogo kidogo, siku baada ya siku.

Pili, akizoea, mpe swali la kuchagua: "Tuchore kanisa au msalaba?" Hesabu moyoni hadi tano. Usimjibie.

Tatu, neno likitoka, usishangilie mbele ya watu. Endelea na somo, kisha ongeza mwenzake mmoja, baadaye wawili.

Katika Marko 7, Yesu alipoletewa kiziwi mwenye utasi, kwanza alimtenga na umati. Ugonjwa ule ulikuwa mwingine, lakini upole ni huo huo.

Na mtihani je? Kanuni ya 913 inadai mtoto awe na ujuzi wa kutosha na maandalizi mema, kadiri ya uwezo wake. Haidai akariri kwa sauti mbele ya darasa. Basi ajibu kwa kuandika au kuchora, au mzazi amrekodi kwa simu akisali nyumbani. Tusimcheleweshe mwaka mzima mezani pa Bwana kwa sababu ya hofu.

Swali la kutafakari: katika jumuiya yetu ndogo ndogo, ni mtoto gani tumezoea kumsemea?