Njano ya Mahindi Imeanzia Wapi?

Mahindi yakigeuka njano, wengi wetu tunakimbilia duka la pembejeo kuchukua urea. Kuna anayebahatisha akapata. Mwingine anamwaga hela bure, kwa kuwa shamba lake lilikuwa na upungufu wa kitu kingine kabisa, au maji yametuama mizizini.

Kabla ya kufungua pochi, ingia shambani asubuhi. Chagua mimea ya katikati, siyo ya pembezoni wala iliyo jirani na zizi, uangalie: njano imeanzia majani ya chini au ya juu? Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama ndani ya mmea. Zikipungua, mmea huzing'oa kwenye majani ya zamani na kuyapa machanga, kwa hiyo ya chini ndiyo hutangulia kuumia. Zinki, salfa na chuma hazihami kwa urahisi. Upungufu wake huonekana juu.

Sasa chuma jani moja la chini ulinyooshe kiganjani. Njano iliyoanzia nchani ikarudi nyuma kwa kufuata mshipa wa katikati, ikachora herufi V huku kingo zikibaki kijani, ni njaa ya naitrojeni. Kingo zikibabuka na katikati kukabaki kijani, ni potasiamu. Hizi mbili ndizo zinazochanganywa sana. Michirizi ya njano kati ya mishipa, kwenye majani hayo hayo ya chini, huelekeza kwenye magnesiamu. Ukikuta mikanda myeupe kwenye majani machanga, karibu na shina, shuku zinki. Zambarau huhusishwa na fosforasi, lakini usiharakishe: miche kwenye baridi ya Njombe au Limuru inaweza kuwa zambarau, kisha ikajirudia yenyewe joto likipanda.

Kukosea mbolea kuna gharama kwa sababu kila kirutubisho kina kazi yake katika usanisinuru. Kila molekuli ya klorofili ina atomu moja ya magnesiamu katikati, imeshikwa na nne za naitrojeni. Bila hizo jani halinasi mwanga vizuri. Naitrojeni hiyo hiyo inajenga vimeng'enya vinavyogeuza hewa ya kaboni kuwa sukari. Potasiamu nayo husaidia kufungua stomata, vile vitundu vya jani vinavyoingiza hewa. Ikikosekana, jani linaweza kuwa bado na kijani na lisitengeneze sukari ya kutosha. Urea hapo haina msaada.

Kama ni naitrojeni kweli, weka mbolea ya kukuzia mahindi yakifika magotini na udongo ukiwa na unyevu. Usilinganishe bei ya mfuko kwa mfuko: kilo 50 za urea zina kilo 23 za naitrojeni, ilhali mbolea ya CAN ya uzito huo ina takriban 13. Urea ifukie, la sivyo sehemu yake hupaa hewani kama amonia. Majivu ya jikoni yana potasiamu, ila usiyachanganye na urea. Yanaongeza upotevu huo huo. Kwa magnesiamu kwenye udongo wenye tindikali, chokaa ya dolomaiti inafaa. Zinki hupulizwa majanini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Dalili zikiwa zimechanganyika, pima udongo.

Umbo la jani nalo linasema. Adhuhuri mahindi hujikunja kama bomba: seli kubwa za upande wa juu zimepungukiwa maji, stomata zinafungwa, na eneo linalopokea jua linapungua. Yakikunjuka jioni, si jambo la kutisha. Yakiwa bado yamejikunja alfajiri, tatizo ni maji, na mbolea ya kukuzia isubiri mvua.

Halafu kuna suala la ng'ombe. Kupogoa majani mabichi ili kulisha mifugo kunaonekana hakuna hasara, lakini jani lililo kwenye gunzi na yale ya juu yake ndiyo yanayolisha punje kwa kiasi kikubwa. Toa yaliyokauka ya chini ukipenda. Ya juu yaache mpaka uvunje punje, ukute tabaka jeusi pale inaposhikana na gunzi.