Dondoo muhimu: Sufuria ya chuma cha kusubu, tazama kitako kwanza

Wanunuzi wengi huchagua sufuria ya chuma cha kusubu kwa ukubwa. Afadhali waanze na kitako. Chuma hiki husambaza joto polepole kuliko alumini, kwa hiyo kitako kikizidi sana upana wa moto, chakula huungua katikati na pembeni hubaki kibichi. Chagua kitako kinene, bapa, kinacholingana na jiko lako. Utasema sufuria hiyo ni nzito mno. Kweli, lakini uzito huo ndio unaotunza joto, maharage yakaendelea kutokota kwa moto mdogo. Tafuta yenye mikono miwili imara. Na kutu? Ioshe, ikaushe, ipake mafuta kidogo. Ila kwa mchuzi wa ukwaju au nyanya unaokaa sana motoni, nunua iliyopakwa enameli, maana asidi hula ule utando wa mafuta unaoikinga sufuria isiyo na enameli.