Moshi wa Lori Unasema Nini?

Ndugu mwanakisomo, somo hili si la mafundi peke yao. Ni la kila mwanakijiji ambaye chama chake cha msingi kina lori, au ambaye hukodi lori wakati wa mavuno. Siku lori linapolala njiani na magunia ya mahindi juu yake, mvua inatishia, na mtu anawaambia wanachama, "Pampu imekufa, leteni fedha," ni vizuri wanachama wajue la kuuliza. Pampu ya dizeli ni kifaa cha ghali sana katika injini. Tena mara nyingi huambiwa imekufa ikiwa nzima.

Injini inataka mambo matatu

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu majaribio mjini Augsburg mwaka 1897, alitumia joto la hewa iliyobanwa. Jambo hili unalijua tayari. Umewahi kutia upepo baiskeli. Ukipiga pampu mara nyingi, halafu ukaigusa upande wa chini, utakuta imepata moto. Hewa ikibanwa hupata joto.

Ndani ya silinda ya lori, pistoni hupanda na kuibana hewa mpaka ibaki katika nafasi ndogo, kama sehemu 1 ya 16 au hata 1 ya 20 ya nafasi ya mwanzo. Joto la hewa hiyo hupita nyuzi 500 za Sentigredi. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu, na dizeli hushika moto yenyewe. Moto huo huisukuma pistoni chini, na lori linakwenda.

Basi injini ya dizeli inataka mambo matatu: hewa ya kutosha, dizeli safi inayofika kwa wakati wake, na mbano mzuri, ambao mafundi huuita kompresheni. Lori likigoma, moja katika hayo matatu limepungua. Fundi anayejua kazi hashiki spana kwanza. Hutafuta ni lipi limepungua, na huanza na lile lisilo na gharama kulikagua.

Rangi za moshi

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Haiungui yote, hugeuka masizi. Lori lenye mzigo mzito likipanda mlima kwa gia isiyofaa hutoa moshi mweusi, na huo si ugonjwa. Lakini likitoa moshi mweusi hata kwenye tambarare, kagua kwanza chujio la hewa. Katika barabara zetu za vumbi chujio huziba upesi. Sababu nyingine ni nozeli inayodondosha dizeli badala ya kuinyunyiza, au bomba la turbo lililopasuka, hewa ikapotea njiani. Wako madereva ambao chujio likiziba hulitoa na kuendelea na safari bila chujio. Hao wanaua injini. Vumbi la barabarani husaga ringi za pistoni na kuta za silinda kama msasa.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Oili hiyo imepanda kupitia ringi zilizolika, au imeshuka kupitia valvu, au imetoka kwenye turbo. Kijiti cha oili kitakubali au kitakataa: kama kila siku mbili unaongeza oili na chini ya gari hakuna doa, oili inaungua. Fundi hufungua pia kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma polepole. Mvuke mwembamba ni wa kawaida. Lakini upepo ukitoka kwa nguvu, kama mtu anayehema baada ya kukimbia, ringi zimechoka na mbano unavuja kwenda chini.

Moshi mweupe unataka uangalifu, kwa sababu ni wa aina mbili. Ule unaowasha macho na kunuka dizeli ni dizeli ambayo haikuungua. Asubuhi ya baridi, Mbeya au Njombe, utauona kwa dakika chache kisha utapotea. Usipopotea, mbano ni mdogo au dizeli inaingia kwa wakati usio wake. Aina ya pili ni mvuke wa maji. Huo hauwashi macho, na maji ya radieta hupungua bila kuonekana yanapomwagikia. Huenda gasketi ya silinda hedi imeungua, au silinda hedi imepasuka. Oili ikionekana kama chai ya maziwa, maji yamekwisha kuingia humo. Usiwashe tena injini hiyo. Na usifungue kabisa mfuniko wa radieta wakati injini ni ya moto. Maji yatakurukia usoni.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau: hata kukosekana kwa moshi ni jibu. Ukizungusha stata, injini ikazunguka vizuri na bomba lisitoe moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda. Moshi ukitoka lakini injini isiwake, dizeli inafika, ila haiungui. Kwa kulitazama bomba la moshi tu umejua kama utafute kwenye njia ya mafuta au ndani ya injini.

Mfano: lori linalochoka na kupumzika

Tuchukue mfano wa lori lililobeba alizeti. Kila baada ya mwendo wa saa moja hivi linapoteza nguvu, linazima. Wakikaa dakika kumi, linawaka tena kama halikuwa na neno. Fundi wa kwanza amesema pampu imekufa. Dereva, ambaye ni kijana, amelipeleka kwa fundi wa pili, mtu mzima.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, kijana wangu. Pole na safari. Lilianza lini?"

"Wiki iliyopita, mzee. Tulipotoka kupakia."

"Kabla ya hapo mlitengeneza nini?"

"Hatukutengeneza kitu."

"Linapozima, moshi ni wa rangi gani?"

"Halina moshi, mzee. Linakosa nguvu, linakohoa, basi."

"Hilo lina njaa," alisema fundi. "Hebu liache liungurume."

Tazama maswali yake. Aliuliza lilianza lini, nini kilitangulia, na moshi ni wa namna gani. Halina moshi, kwa hiyo dizeli haifiki. Lakini pampu iliyokufa haifufuki kwa kupumzika dakika kumi. Kuna kitu kinazuia dizeli polepole, halafu kinaachia. Lori lilipoanza kukohoa, fundi hakwenda kwenye pampu. Alikwenda kwenye tanki. Mfuniko wake ulikuwa umepotea, na taniboi alikuwa amefunga mdomo wa tanki kwa kipande cha nailoni na mpira wa baiskeli, akakaza sana ili dizeli isimwagike. Fundi alipofungua, hewa iliingia kwa mlio, fyuuu.

Dizeli ikitoka ndani ya tanki, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Mfuniko wa tanki huwa na kinjia kidogo cha kupitisha hewa. Nailoni haina. Pampu ilivuta mpaka ikashindwa, kama mtoto anayenyonya maziwa kwenye chupa iliyobanwa mdomo. Lori likisimama, hewa kidogo ilipenya, na dizeli ikaanza kupita tena. Dawa yake ilikuwa mfuniko mpya wa tanki.

Si kila lori litapona kwa mfuniko. Ziko pampu zinazokufa kweli. Lakini kabla ya kuifungua, fundi akuonyeshe kwamba amekagua tanki, mabomba, chujio la dizeli na pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka kwenye tanki.

Hewa na maji katika njia ya mafuta

Lori likiishiwa dizeli kabisa, kujaza tanki tu mara nyingi hakutoshi. Hewa imeingia kwenye mabomba, na pampu haiwezi kusukuma hewa kama inavyosukuma mafuta. Katika injini za zamani kazi ya kuitoa ni rahisi. Legeza skrubu ya hewa juu ya chujio la dizeli, piga pampu ya mkono, povu litatoka. Endelea mpaka itoke dizeli isiyo na povu, kisha kaza. Fanya hivyo kwenye pampu kubwa. Mwisho legeza nati za mabomba ya nozeli, zungusha stata mpaka dizeli iruke, kaza.

Nati hizo hizo hutumika kutafuta silinda iliyo mgonjwa. Injini ikiwa inaunguruma kwa kuyumba, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine. Akilegeza na mlio wa injini ukashuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Akilegeza na mlio usibadilike, ameikuta isiyofanya kazi.

Lakini zingatia sana: hayo ni ya injini za zamani tu. Katika malori mengi ya siku hizi, yenye pampu na nozeli zinazoongozwa na kompyuta, mafuta husukumwa kwa nguvu inayoweza kupita mara 200 ya upepo ulio ndani ya tairi la lori. Ukilegeza nati injini ikiwa inazunguka, dizeli inaweza kutoboa ngozi na kuingia mwilini. Tundu huonekana dogo kama la sindano, na mtu huona haya kwenda hospitali kwa jeraha dogo namna hiyo. Aende saa ile ile. Dizeli iliyoingia mkononi huharibu nyama, na aliyechelewa anaweza kukatwa kidole au mkono. Hata kwenye injini ya zamani usikinge mkono mbele ya nozeli inayonyunyiza.

Maji nayo ni adui. Sehemu za pampu na nozeli zinazopitisha dizeli hazipakwi oili nyingine. Hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji hayalainishi, tena huleta kutu. Ndiyo maana chini ya chujio kuna kikombe chenye skrubu ya kumwagia maji. Mafuta ya taa pia hayalainishi kama dizeli. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwakamata wanaochanganya. Dizeli ya bei ya chini mno inayouzwa kwa madumu kando ya barabara huweza kuwa ghali kuliko zote.

Malori ya kompyuta huweza kusomwa kwa mashine inayotoa namba za hitilafu. Inasaidia, lakini tuielewe. Namba husema malalamiko yametoka wapi, haisemi kilichoharibika. Namba ya "mafuta yana nguvu ndogo" inaweza kuwa pampu, na inaweza kuwa kipande cha nailoni.

Daftari la lori

Fundi anayeletewa lori bila maelezo huanza gizani. Dereva anayeandika kila siku humpa taa. Soma ukurasa huu wa mfano:

Jumatatu: Maji ya radieta, nimeongeza nusu lita.
Jumatano: Maji, lita 1. Halivuji popote.
Ijumaa: Asubuhi moshi mweupe, hauwashi macho. Maji, lita 2.
Jumamosi: Mshale wa joto umepanda mlimani. Oili kwenye kijiti imezidi alama, sikuongeza.

Mstari wa Jumatatu peke yake hausemi kitu. Nusu lita ya maji ni jambo dogo. Soma yote minne. Maji yanapotea bila kuvuja, moshi ni mweupe usiowasha, injini inapata joto, na oili inaongezeka bila kuongezwa na mtu. Oili haizai. Kilichoongezeka kwenye kijiti ni maji. Lori hili lisipakiwe Jumapili, hata kama mnunuzi anasubiri. Likichemka njiani silinda hedi itapinda, na kazi ambayo huenda ingekuwa ya kubadili gasketi itakuwa ya kununua silinda hedi, au injini nzima.

Maswali ya kujadili darasani

1. Lori linazungushwa stata, halitoi moshi kabisa. Utaanza kukagua wapi? Kwa nini?
2. Fundi anataka kufungua pampu. Utamwuliza mambo gani kabla ya kumkubalia?
3. Kwa nini lori la alizeti liliwaka tena baada ya dakika kumi?
4. Chora ukurasa wa daftari la lori la chama chenu, au la mashine ya kusaga ya kijiji. Weka nafasi ya tarehe, maji, oili, moshi, na kazi iliyofanyika. Kisha andika maelezo ya siku moja.