Kituo cha Mzingile: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mzingile ni njia moja tu iliyokunjwa ndani ya duara. Humtoa mtu ukingoni, ikamzungusha hadi kitovuni, kisha ikamrudisha alikoingilia. Watu huutembea polepole ili kutuliza fikra, kusali au kujifunza. Anayetaka kujenga kituo cha kudumu cha sanaa hii na asome haya kabla hajaita fundi.

Usiuchanganye na njia za kupotezea watu. Bustani zenye ua mrefu, njia panda na vichochoro visivyotokea ni mchezo mzuri, lakini mtu anayehangaika kutafuta pa kutokea hawezi kutafakari. Kwenye mzingile hakuna njia panda. Kazi ya mtembeaji ni kuendelea tu, na ndiyo maana akili yake hupata kupumzika. Ukijenga kimoja ukakiita kingine, umewadanganya watu waliokuja na mizigo moyoni.

Anza na turubai. Mwaka 1991 Lauren Artress, kasisi wa Kianglikana wa Grace Cathedral huko San Francisco, alikwenda Ufaransa kuutembea mzingile wa kanisa kuu la Chartres. Aliporudi hakukimbilia saruji. Mchoro ule ulipakwa kwenye turubai, ukatandazwa sakafuni, watu wakautembea. Mzingile wa terazo, nje ya Grace Cathedral, ulikuja mwaka 1995. Fuata utaratibu huo. Turubai litakuonyesha watu wanakwama wapi, wanapishanaje, na kama kweli wapo wanaouhitaji.

Pima njia kwa miguu ya watu wote. Mzingile wa Chartres, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 13, una kipenyo cha karibu mita 13 na mizunguko 11, na njia yake ina urefu wa zaidi ya mita 260. Lakini upana wake ni kama sentimita 34 tu. Kiti cha magurudumu hakipiti. Wewe usishuke chini ya sentimita 90. Mizunguko 11 ikipewa mita moja kila mmoja, utahitaji uwanja wa karibu mita 27. Kiwanja kikiwa kidogo, chukua mchoro wa kale wa mizunguko saba, unaoonekana kwenye sarafu za Knossos, Krete. Huo utatosha ndani ya mita 20. Usiubane mchoro mkubwa ili upate cha kupigia picha. Kumbuka pia kwamba anayetoka hutumia njia ileile ya anayeingia, kwa hiyo kanuni ya kupishana iandikwe mlangoni.

Asiyeweza kutembea na asiyeona wawekewe mzingile wa kufuata kwa kidole, uliochongwa kwenye jiwe au mbao, kwa kimo cha meza, na maelezo ya nukta nundu. Jambo hili si geni: kwenye nguzo ya baraza ya kanisa kuu la Lucca, Italia, upo uliochongwa tangu Zama za Kati, na vidole vya watu vimelilainisha jiwe lake.

Usiweke skrini njiani. Wengi wakisikia kwamba kituo kiwe shirikishi, hufikiria taa zinazowaka ukikanyaga na sauti zinazokusemesha kila kona. Ondoa vyote hivyo. Mshiriki ni mwili wa mgeni: nyayo zake, pumzi zake, kidole chake. Sanaa nyingine ipewe ukuta na vyumba vyake. Mark Wallinger alionyesha mwaka 2013, reli ya chini ya ardhi ya London ilipotimiza miaka 150, kwamba vibao vya enameli tu vinatosha. Alichora mizingile 270, mmoja kwa kila kituo cha reli hiyo wakati huo na hakuna unaofanana na mwingine, na abiria anaweza kuifuata kwa kidole akisubiri treni.

Fundisha kuchora, usifundishe kutazama tu. Weka trei za mchanga. Chora msalaba, weka pembe nne katika nafasi zake nne, kisha nukta nne kwenye kona za nje. Unganisha ncha kwa ncha kwa pinde nane, ukianzia juu ya msalaba, na mzingile wa mizunguko saba umekamilika. Halafu waulize watoto: ukihesabu kutoka nje, njia inaingia mzunguko upi kwanza? Wataona wenyewe kwamba ni wa 3, kisha 2, 1, 4, 7, 6, 5, ndipo kitovu. Yaani unapokaribia kufika unasukumwa mbali tena. Hilo ni somo la hesabu na la subira kwa pamoja.

Usiwafukuze watoto. Mzingile wa kanisa kuu la Reims ulibomolewa katika karne ya 18 kwa sababu watoto waliouchezea waliwaudhi wakubwa wa kanisa. Leo umbo lake ndilo nembo ya majengo ya kihistoria yanayolindwa Ufaransa, na wenyewe haupo. Panga saa za ukimya na saa za watoto, kisha uheshimu zote mbili.

Usiahidi uponyaji. Mgonjwa aende hospitali. Wewe mpe mahali pa kutulia.

Tenga fedha za matunzo kabla ya fedha za uzinduzi. Kumbukumbu ya zamani kabisa ya mzingile wa nyasi wa Saffron Walden, Uingereza, ni ya mwaka 1699, nayo ni ya malipo ya kuuchonga upya. Upo hadi leo kwa sababu kila kizazi kiliurudia. Huko Land's End, San Francisco, msanii Eduardo Aguilera alipanga wake wa mawe mwaka 2004. Ulivurugwa mara kadhaa, na kila mara waliouinua ni watu wa kujitolea. Ule wa Chartres wenyewe, pamoja na ugumu wote wa jiwe lake, kwa sehemu kubwa ya mwaka umefunikwa na viti. Jiwe peke yake halidumishi kitu.

Kwa hiyo andika sasa: nani atafagia, nani atafungua lango, nani atalipwa kuziba nyufa baada ya masika, na fedha zitatoka wapi mwaka wa kumi. Kama huna majibu, usimwage zege. Chora njia kwa chokaa uwanjani, waalike majirani waitembee, na endelea kutafuta majibu hayo.