Dondoo muhimu: Kuamua mshindi kati ya visa vya mchezo wa kuigiza wahusika

Katika One Page Dungeon Contest, shindano la kutunga visa vya aina hii lililoanza mwaka 2009, sharti kubwa ni moja: ramani, mazimwi, mitego na hazina, vyote vitoshe kwenye ukurasa mmoja. Ukiitwa kuwa jaji wa shindano la aina hii, soma kwanza kazi zote bila kutoa alama. Ukiipa ya kwanza alama 9 mapema, zinazofuata utazipima kwa hiyo, na utazionea.

Kisha jiulize: mwongoza mchezo anaweza kukiendesha kisa hiki jioni ya leo, wachezaji wameshaketi na dadu ziko mezani? Hapa ndipo wengi huanguka. Chukua chumba kimoja tu ukikague. Aya nzima kuhusu mfalme aliyejenga ngome miaka elfu iliyopita, ilhali wachezaji hawana njia ya kuijua habari hiyo, ni hadithi tamu isiyochezeka. Lakini zimwi linalolinda mlango huku njaa ikiliuma linawapa wachezaji la kuamua: wapigane nalo, walihonge nyama, au wanyate. Huyo mtunzi mpe alama zake.

Ramani nzuri isikulevye. Ifuate kwa kidole, uone kama namba za vyumba zinalingana na maelezo.

Ukimjua mtunzi, kazi yake mwachie jaji mwingine. Na tafadhali, kila aliyekosa ushindi mwandikie walau sentensi mbili za kweli: kipi kilifaulu, kipi arekebishe.