Mlango wa Kuhifadhi Dawa Nyumbani na Safarini

Na ijulikane ya kwamba dawa ina umri wa namna mbili: ule ulioandikwa juu ya kasha lake, na ule ambao joto, unyevu na jua huukata kabla ya siku zake. Wa kwanza husomwa na kila ajuaye kusoma. Wa pili aghalabu haujulikani kwa macho, nao ndio wenye hatari zaidi.

Mathalan mtu wa Chilangala, katika nchi ya Newala, amemnunulia mwanawe dawa mseto ya malaria, akaiweka juu ya ukuta karibu na bati. Dawa hiyo yataka mahali pasipozidi nyuzi 30 za joto, na chini ya bati mchana wa jua hupita hapo. Tena akivitoa vidonge katika vifuko vyake na kuvifunga kitambaani, unyevu huviingia. Mtoto aweza kunywa dozi nzima asipone, watu wakasema karogwa.

Mahali pafaapo ni chumba cha kulala, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na meko. Na mkulima wa korosho aiwekaye salfa ndani kwa kuchelea wezi, asiichanganye na dawa za kunywa, wala asitie sumu yo yote ya shamba katika chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi.

Insulini ya mwenye kisukari ndiyo ngumu kuliko zote. Isiyofunguliwa hukaa katika jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa aghalabu hutumika siku 28, joto lisipite nyuzi 30. Asiye na jokofu atwae mitungi miwili ya udongo, mdogo ndani ya mkubwa, na baina yao mchanga uliolowa, aiweke kivulini penye upepo. Maji yakikauka huondoka na joto. Maji ni tunu juu ya uwanda wa Makonde, lakini mchanga hauombi mengi. Mtungi haufikii ubaridi wa jokofu, na wakati wa masika hupoza kidogo tu. Basi asiweke humo ila ya mwezi mmoja.

Msafiri aichukue dawa mkononi, si katika buti la basi wala mbele ya kioo cha dereva. Aendaye Hija asiitie insulini katika mzigo wa chini ya ndege, isije ikaganda; na dawa zote ziwe katika makasha yake pamoja na barua ya tabibu, kwani baadhi ya dawa kali za maumivu na za usingizi hazipiti Saudia pasipo idhini, nayo huombwa kabla ya kuondoka.